Geti la Dulcie

Geti lilijirudisha lenyewe.

Sajini Avril Tregenza akalisukuma mara ya pili, likaachama lote mpaka likagusa ua. Akaliachia, akarudi nyuma. Geti lilitulia kidogo kama mtu anayewaza, kisha likaanza kurudi taratibu huku bawaba zikilia, likaja kugonga nguzo yake.

"Ndivyo lilivyo tangu siku za Reg," alisema Ross Kernich, aliyekuwa ameegemea boza lake la maji huku kofia imemfunika nyusi. "Alilitundika likiwa limeinama, makusudi. Alisema watu wa mji huu wamezaliwa kwenye mahema, hawajui mlango ni kitu gani."

"Na ukitaka likae wazi?"

"Kulabu ile." Ross alionyesha kwa kidevu. Kwenye ua wa mbao kulining'inia kipande cha mnyororo chenye kulabu mwishoni. "Siku ya mashindano Dulcie hulinasa pale, matrela ya farasi yapite. Lakini wewe unayajua haya yote, Avril. Umejifunza kupanda farasi humu ndani ukiwa hata kamba ya kiatu hujui kufunga."

"Nayajua. Nataka niyasikie kwako."

Ross alitema mate pembeni, akajipangusa mdomo. Hakupenda kazi hii. Alikuwa mkulima wa ngano, mtu wa maneno machache, na kwa maneno hayo machache alikuwa amemtia Dulcie Hoppner, mjane wa Reg na mtunzaji wa uwanja huu wa farasi, matatani kuliko mahasimu wote wa farasi waliopata kuishi Yarrabindi.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jana Jumapili, asubuhi ya mashindano, Pilot alitoka kwa geti hili. Pilot ni farasi mzee wa kijivu wa chama cha wapanda farasi; nusu ya watoto wa mji wameangukia mchanga kutoka mgongoni kwake. Alipita bustani ya mji, akaenda kusimama katikati ya barabara kuu kama aliyeitwa huko. Lori la maziwa likamkwepa, likajitupa mtaroni. Dereva alivunjika mtulinga. Pilot alichunika kifua. Mashindano yakafutwa, na kabla mikate ya soseji haijapoa kantini, mji wote ulikuwa umekwisha kutoa hukumu: Dulcie alinasa geti kwenye kulabu Jumamosi mchana, matrela yakapita, jioni akasahau kulinasua. Uzee. Binti yake Janelle alikwisha kufika kutoka Adelaide kumchukua. Wangeondoka leo baada ya chakula cha mchana.

"Uliingia jua likichomoza," alisema Avril.

"Jua usoni kabisa. Barabara hii inakwenda nalo macho kwa macho. Nikakunja kona, nikakuta geti wazi, nikapita. Nikamwaga maji, mchanga ukalowana, nikatoka."

"Na Pilot?"

"Alikuwa kule mwisho, chini ya mikalitusi, anakula. Nilimwona."

"Ukamwacha farasi ndani na geti wazi."

Ross alinyanyuka kutoka kwenye boza kama mtu aliyetukanwa mama yake. "Nililikuta wazi! Avril, wewe ni mtoto wa hapa hapa. Geti la mtu unaliacha ulivyolikuta. Likiwa limefungwa, unalifunga. Likiwa wazi, mwenyewe kaliacha wazi kwa sababu yake, na wewe hukuulizwa. Nilidhani Dulcie kaamka mapema, kafungua kwa ajili ya matrela. Baba yangu aliwahi kunichapa kwa kufunga geti lililokuwa wazi. Ng'ombe wa jirani walikosa maji siku nzima."

"Sikulaumu."

"Basi usiniangalie hivyo."

"Lilikuwa limenaswa kwenye kulabu?"

"Sikutazama. Geti lililo wazi ni geti lililo wazi."

Avril alichuchumaa. Alikuwa na tabia ya kuanza chini, miguuni mwa vitu, na kupanda navyo polepole. Mnyororo ulikuwa mzima. Komeo lilikuwa zima na kali. Lilimbana kidole mpaka akafyonza. Kisha, kwenye bomba la chini kabisa la geti, aliona mchubuko mpya: rangi ya njano iliyojipaka kwenye chuma kama siagi kwenye kisu.

"Hii ni nini?"

Ross aliinama. "Watoto."

"Watoto gani wanaochuna geti chini namna hii?"

"Wafupi," alisema Ross, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alikaribia kucheka.

*

Kitu cha njano hakikuwa kigumu kukipata katika bustani ya Yarrabindi. Ng'ambo ya uwanja wa farasi ulikuwa uwanja wa kriketi, na pale Trevor Quigg alikuwa akipanga koni za plastiki za mazoezi, njano tupu. Miguuni mwake alilala mbwa mnene mwenye miguu mifupi kama ya kiti cha sebuleni.

Trevor alikuwa mwenyekiti wa kriketi. Kwa miaka alikuwa amelilia ule uwanja wa farasi ageuze nusu yake iwe mahali pa mazoezi ya vijana wake. Alikwisha kulalamikia vumbi, nzi, mavi, na hata mlio wa Pilot, ambao alisema unamchanganya mrusha mpira.

"Afande!" aliita kabla Avril hajafika. "Umekuja kunikamata mimi au farasi?"

"Inategemea nani atakimbia kwanza." Avril aliokota koni moja, akaibinya. Ilikuwa laini kama kofia ya mvua. "Jana asubuhi ulikuwa wapi, Bwana Quigg?"

"Nilimtembeza Duchess. Kila siku namtembeza. Daktari wa wanyama kasema amenenepa." Mbwa alisikia jina lake akafungua jicho moja. "Na kabla hujauliza, ndiyo, nilipita kwenye uwanja wenu wa farasi. Ni bustani ya umma. Nina haki ya kupita mahali pa umma, hata kama pananuka."

"Ulipita geti la mashariki?"

"Hilo hilo."

"Kabla ya boza la Ross?"

"Kabla. Nilisikia boza likinguruma nikiwa nimekwisha kufika nyumbani, nimejinyoosha sakafuni."

"Sakafuni?"

"Mgongo!" Trevor alijishika kiuno kwa hasira, kana kwamba mgongo nao ni mwanachama wa klabu ya farasi. "Tangu jana siwezi kuinama. Unaona ninavyopanga koni? Kama bibi harusi. Huyu mbwa ana uzito wa mfuko wa saruji, na juu ya geti lile hapitishiki mpaka umkumbatie kama..."

Akanyamaza.

Avril alirudisha koni chini, akaipanga vizuri katika mstari wake. Kasuku weupe walikuwa wakipiga kelele juu ya mikalitusi.

"Juu ya geti," alisema hatimaye.

Trevor alitazama mbwa wake.

"Mtu hambebi mbwa juu ya geti lililo wazi, Bwana Quigg."

"Hakuna aliyeniuliza."

"Sasa nakuuliza."

"Lilikuwa limefungwa." Sauti ilimtoka ya chini, ya mtu mwingine. "Komeo limekaa. Hata nililitikisa. Nilitaka kumkuta Dulcie na kosa, kama unataka kujua. Nilisema leo likiwa limelegea nitawaandikia baraza. Halikulegea. Na mimi nafungua komeo lile mara moja kwa mwaka, linang'ata vidole, basi nikambeba Duchess, nikapanda juu, nikashuka upande wa pili."

"Na jana mchana kutwa mji mzima ukisema Dulcie alisahau tangu Jumamosi, wewe ulikuwa wapi?"

"Sakafuni, nimekwambia."

"Trevor."

Mwanamume yule alivua kofia yake, akaikunja, akaikunjua. "Nilidhani mambo yatakwenda hivi: baraza litasema farasi ni hatari, farasi wataondoka, sisi tutapata nafasi ya mazoezi. Basi. Kisha leo asubuhi nikaona gari la Janelle limepakia viti vya Dulcie juu. Nilitaka farasi waondoke, Afande. Sikutaka bibi wa watu aondoke. Alimfundisha binti yangu kupanda, unajua? Binti aliyekuwa haongei na mtu. Alikuwa akiongea na yule farasi."

"Utayasema haya mbele za watu?"

"Nitayasema. Lakini vumbi bado ni vumbi."

"Liandikie baraza," alisema Avril, akaondoka.

Alitembea polepole akivuka nyasi. Trevor alipopita, geti lilikuwa limefungwa. Ross alipofika, lilikuwa wazi. Hapo katikati mtu alilifungua. Na kwa kuwa geti lile halikubali kukaa wazi, mtu huyo alilishikiza kwa kitu. Mwenyeji angetumia kulabu. Kila mwenyeji anaijua kulabu.

Basi hakuwa mwenyeji.

*

Kantini ya uwanja wa farasi ilinukia chai na ngozi ya matandiko. Dulcie Hoppner alikuwa amesimama juu ya kigoda akipangusa rafu tupu. Mwembamba, mkavu, nywele nyeupe zimekatwa kama za mvulana. Janelle, mwanawe, alikuwa akifunga vikombe kwenye magazeti. Funguo za kantini, za ghala na za bomba la maji, ambazo Dulcie alizivaa shingoni kwa kamba ya kiatu tangu Reg alipofariki, leo zilikuwa mezani.

"Shuka kwenye kigoda, mama," alisema Janelle.

"Nitashuka nikimaliza."

"Ulisema hivyo rafu tatu zilizopita."

"Na nilikuwa sijamaliza." Dulcie alimwona Avril mlangoni. "Karibu, mwanangu. Chai ipo. Kama umekuja kuniuliza tena, jibu ni lile lile: nadhani nililifunga. Lakini jana nilidhani pia nimezima birika."

"Juma lililopita," alisema Janelle kwa upole. "Birika lilikuwa juma lililopita, mama. Liliungua mpaka kitako kikatoboka." Akamgeukia Avril, macho yake yalikuwa mekundu. "Sifanyi hivi kwa kupenda, Avril. Watu wananiangalia kama nimekuja kuiba. Leo ni birika, kesho ni farasi barabarani. Yule dereva ana watoto."

"Hakuna anayesema unaiba."

"Ross alinisalimu kama nimefiwa."

Dulcie alishuka kigodani mwenyewe, bila mkono wa mtu. "Mwacheni Ross. Ross hasemi uongo. Akisema geti lilikuwa wazi, lilikuwa wazi, na anayefunga geti lile ni mimi. Hesabu hiyo haihitaji polisi." Akakaa. Mikono yake ilitafuta funguo kifuani, haikuzikuta, ikatulia. "Nimekubali, Avril. Ni heri niondoke ningali najua ninakokwenda."

Avril alimimina chai. Hakuwa na haraka machoni, ingawa saa ilikuwa inakwenda.

"Niambie jambo moja tu, Bi Dulcie. Jana, baada ya ajali, nani alilifunga geti?"

"Mimi. Nilisikia honi ya lori, nikakimbia na gauni la kulalia."

"Ulilinasua kwenye kulabu?"

Dulcie alifungua mdomo, akaufunga. "Unaona? Hapo ndipo ninapojitilia shaka. Ninavyokumbuka mimi, sikugusa kulabu. Niliinama. Lakini kwa nini niiname, kulabu iko kiunoni? Ndiyo maana sikukwambia jana. Nilijiona ninababaika."

"Uliinama ukafanya nini?"

"Nikaokota... sijui. Uchafu. Sipendi uchafu getini." Alifanya ishara kuelekea pembeni. "Nikiokota kitu huwa nakiweka mle."

Kwenye pembe kulikuwa na boksi la vitu vilivyopotea: kofia ya mtoto, glovu ya mkono mmoja, chupa ya maji yenye picha ya pomboo. Juu ya vyote hivyo kilikaa kipande kizito cha plastiki ya njano, chenye umbo la kabari, kimechunika ubavuni. Kwenye mchubuko kulikuwa na kutu ya chuma.

Avril alikitoa, akakigeuza mkononi.

"Hiki si cha kwetu," alisema Dulcie. "Nilijua si cha kwetu."

"Ni nini?" aliuliza Janelle.

"Kabari ya gurudumu. Wanaiweka chini ya tairi la karavani lisiteleze." Avril aliweka kikombe chini, chai haijaguswa. "Janelle, nikuombe kitu. Usiwashe gari mpaka nirudi."

"Avril, kuna safari ya saa—"

"Mpaka nirudi."

*

Chini ya miti ya upande wa kaskazini, mahali ambapo wasafiri wastaafu huruhusiwa kulala bure, ilibaki karavani moja. Wengine walikwisha kufungasha. Mbele yake mzee mmoja mfupi, mwenye kaptula iliyopigwa pasi na soksi zilizovutwa hadi magotini, alikuwa akichochea uji wa wali kwenye jiko dogo la gesi. Avril alitazama magurudumu kabla ya kumtazama mwenyewe. Moja lilikingwa kwa kabari ya njano. La pili lilikingwa kwa tofali.

Mzee aliinua macho, akaona alichobeba Avril, na uso wake ukafunguka kama dirisha.

"Kabari yangu! Philippa! Philippa, njoo uone, polisi wa hapa wanarudisha hata kabari!" Alifuta mikono, akaja kumlaki. "Desmond Ooi, kutoka Melbourne. Nimeendesha tramu maisha yangu yote, Afande, na sijaona mji wenye watu wema kama huu. Nimeitafuta tangu jana usiku tuliporudi. Uliipata wapi?"

"Getini."

"Ah! Hapo hapo nilipoiacha. Nilijua yule bwana wa boza ataiweka pembeni."

Sauti ya mkewe ilitoka ndani: "Nilikwambia uirudie, Des! Nilikwambia, utaiacha huko!"

"Ananiambia kila kitu mara mbili," alisema Desmond kwa fahari. "Moja yake, moja ya masikio yangu."

Avril alivuta kiti cha turubai, akaketi. Moyo wake ulikuwa mzito. Aliwahi kukamata wezi wa ng'ombe na kulala usingizi mnono. Hili lilikuwa gumu zaidi.

"Nielezee jana asubuhi, Mzee Desmond. Pole pole."

"Hakuna hadithi. Nilikuwa nachemsha maji, nikaona vumbi barabarani, lori kubwa linakuja. Nikajiwazia, masikini, bwana huyu atalazimika kusimama, ashuke, afungue geti, apande, apite, ashuke tena. Mahali fulani huko nyuma njiani, mkulima mmoja alinifungulia geti, akasubiri nipite, bila kunijua. Philippa akasema, huu ndio ustaarabu wa mashamba. Basi nikakimbia na pajama, nikamfungulia. Komeo lile, lo! Lilining'oa ukucha." Alionyesha kidole kilichofungwa plasta. "Na geti halitaki kukaa. Nalisukuma, linarudi. Ndiyo nikakimbilia kabari. Nikalishikiza, nikampungia mkono, nikarudi kwenye maji yangu, yalikuwa yanamwagika."

"Alikupungia?"

"Hapana. Lakini jua lilikuwa linampiga usoni. Sikuchukia."

"Hukusubiri apite."

"Nilifanya haraka, tulikuwa tunakwenda kwa binti yetu, mji wa pili, tukashinda huko. Tumerudi giza limeingia." Alianza kumwangalia Avril kwa namna nyingine. "Atafunga mwenyewe akitoka, si ndiyo? Dereva ndiye wa mwisho. Kwenye tramu, wa mwisho hufunga."

Avril aliiweka kabari chini, karibu na tofali, na mzee yule, ambaye maisha yake yote alitazama kioo cha pembeni kuona nani anashuka, alielewa kwamba kuna mtu ameanguka.

"Afande," alisema polepole. "Nani kaumia?"

Alimweleza. Pilot, lori, mtulinga wa dereva, kisha Dulcie. Philippa alikuwa amesimama kwenye ngazi ya karavani, mkono mdomoni. Uji uliungua na hakuna aliyezima jiko.

"Jana nilikuwa nacheka njiani," alisema Desmond. "Tulikuwa tunaimba kwenye gari. Na huyo mama..." Alivuta soksi moja iliyokuwa haijashuka. "Yuko wapi? Nipeleke. Nipeleke sasa hivi. Philippa, nipe shati."

"Lipo mgongoni mwako, Des."

"Basi nipe lingine. Lililo safi."

*

Gari la Janelle lilikuwa nje ya kantini, milango wazi, viti vya Dulcie vimefungwa kamba juu yake. Ross alikuwa amekuja kumwaga maji na alikuwa akijifanya anakagua tairi la boza ili asiage. Avril alimwita. Trevor Quigg alikuja mwenyewe, mbwa kwapani, mgongo umepinda.

Avril hakuhutubia. Alimwambia kila mtu aseme lake, kwa mpangilio wa asubuhi ile. Trevor akasema geti lilikuwa limefungwa, na kwamba alilitikisa. Desmond, ndani ya shati safi lililofungwa vifungo vyote, akasema alilifungua yeye. Kisha wote wakamtazama Ross.

Ross alikuwa amekuwa mweupe chini ya rangi ya jua.

"Sikukuona," alimwambia Desmond.

"Nilikupungia."

"Jua..."

"Najua. Jua."

"Nilisema kweli," Ross alimgeukia Dulcie, kofia mikononi. "Dulcie, nilisema kweli tupu. Lilikuwa wazi."

"Ulisema kweli," alisema Avril. "Ndiyo kweli iliyotaka kumhamisha mtu. Wewe ulilikuta wazi ukadhani mwenyewe ndiye kataka. Yeye alikufungulia akadhani wewe ndiye utakayefunga. Kila mmoja alimstahi mwenzake, na kati yenu Pilot akapita."

Dulcie hakuwa akimsikiliza. Alimsogelea Desmond, akamshika kile kidole chenye plasta kama anavyoshika ukwato kuukagua.

"Komeo lilikuwa limekaa?" aliuliza. "Limekaza kabisa?"

"Limekaza, mama. Nilidhani limepigwa misumari."

"Lilikung'oa ukucha."

"Wote. Mama, nisamehe. Sijui niseme nini. Nita—"

"Kwa hiyo nililifunga," alisema Dulcie.

Hakuwa akiuliza. Alisimama pale akiwa ameshika kidole cha mtu asiyemjua, na machozi yakimshuka bila uso wake kubadilika. Kisha akakiachia, akampiga Desmond begani mara mbili kama farasi aliyefanya vizuri, akamgeukia mwanawe.

"Birika nilisahau," alisema. "Birika ni langu, nalikubali, na siku nikisahau mengine utaniambia na nitakusikiliza. Lakini geti si langu, Janelle. Sitakwenda Adelaide kwa ajili ya geti."

Janelle alijipangusa uso kwa kiganja. Alitazama viti vilivyo juu ya gari, alivyovifunga kamba mwenyewe tangu asubuhi.

"Na birika, mama?"

"Niletee lile linalojizima lenyewe."

Janelle alicheka na kulia kwa pamoja, akaingiza mkono mfukoni, akatoa zile funguo alizokuwa amezichukua mezani. Dulcie alizivaa shingoni, akazitumbukiza ndani ya blauzi. Kisha akaanza kuamrisha. Trevor amweke chini huyo mbwa kabla hajavunjika kiuno. Mzee wa Melbourne aje amsaidie kumpaka Pilot dawa kifuani, kwa kuwa ana mikono ya taratibu. Avril ashushe viti.

"Mimi ni polisi, Bi Dulcie."

"Ndiyo maana una nguvu. Shusha."

Kuhusu dereva wa lori, Desmond alisema atakwenda hospitali mwenyewe, leo, na Ross akasema wataenda pamoja, maana mgeni atapotea njia. Hilo Avril hakuliingilia. Alikuwa na ripoti ya kuandika, na ndani yake hakungekuwa na mhalifu hata mmoja. Wakubwa wake hawakupenda ripoti za namna hiyo.

Alikuwa ameshusha kiti cha mwisho aliposikia boza la Ross likinguruma kuelekea geti la mashariki. Likasimama.

Geti lilikuwa wazi, limenaswa kwenye kulabu. Dulcie alilinasa baada ya Avril kulikagua, gari la mwanawe lilipoingia. Ross alishuka. Akalitazama geti. Akatazama kulabu. Akamtazama Pilot, aliyekuwa amesimama chini ya mikalitusi na mgeni mwenye soksi ndefu akimpaka dawa kwa kidole kimoja. Alisimama hivyo kwa muda mrefu, mkulima mzima, kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Kisha akaweka mikono mdomoni akapaza sauti, na Avril, aliyezaliwa Yarrabindi, hakuwahi kumsikia mtu yeyote wa pale akiuliza swali lile maishani mwake.

"Dulcie! Nilifunge, au niliache?"

"Lifunge, Ross!"

Akapanda boza, akapita, akashuka kulinasua kwenye kulabu. Geti likaanza kurudi lenyewe. Ross akalisindikiza kwa mkono mpaka kwenye nguzo, akalikaza komeo, akalitikisa.